Mpira wa mkojo: tarehe ya kuutoa iandikwe



Kwa kawaida kurasa hizi hujaa habari za malaria, kipindupindu, chanjo za watoto na usafi wa vyoo. Safari hii naomba niseme juu ya kitu ambacho watu hukitaja kwa sauti ndogo, kwa kuwa kinagusa sehemu za siri: mpira wa kutolea mkojo. Ndugu zetu waliokaa Tanzania wanauita mpira wa mkojo. Hapa Bujumbura, na kule Uvira na Bukavu, wauguzi wanasema sondi, na wagonjwa wamelifuata neno hilo hilo. Ni kitu kimoja.

Hoja yangu ni moja, na nitaisema mapema ili atakayeacha kusoma katikati awe ameipata. Mgonjwa asitoke hospitalini na mpira bila kupewa tarehe ya kuutoa au kuubadilisha. Tarehe hiyo iandikwe, na mtu wa nyumbani kwake awe ameisikia kwa masikio yake. Mambo ya usafi, ambayo nitayaeleza pia, ni muhimu sana. Lakini usafi hauwezi kushindana na mpira uliosahauliwa.

Mtauliza kwa nini nazungumzia Ngagara na siyo kambi. Wagonjwa wanaotumwa Bujumbura kwa rufaa kutoka Gasorwe, Musasa, Bwagiriza na Kavumu hawakai hospitalini mpaka wapone kabisa. Vitanda havitoshi. Wanaruhusiwa kutoka, na wakitoka wanatafuta ndugu. Ngagara, ambayo wazee wa mji bado wanaiita OCAF, iko karibu na Kamenge, ambako kuna hospitali ya chuo kikuu, ile wengi wanayoijua kwa jina la Roi Khaled, na hospitali ya jeshi. Kwa hiyo vyumba vya nyuma katika kartie za Ngagara vimegeuka kuwa wodi ambazo hazina muuguzi. Anayeuguza ni mke wa mpwa, au binti wa miaka kumi na sita, au jirani mwenye huruma. Hao ndio ninaowaandikia kwanza, na wahudumu wenzangu wa hospitali ndio wa pili.

Nichukue mfano wa mzee mmoja. Alitoka kambini kwa rufaa baada ya mkojo kumziba usiku kucha. Hospitali moja ya mjini ilimwekea mpira, mkojo ukatoka zaidi ya lita moja, akamshukuru Mungu. Siku ya pili akaambiwa aende nyumbani angoje kuitwa kwa ajili ya uchunguzi wa tezi dume. Nyumbani maana yake ni kwa mpwa wake, Ngagara, chumba kimoja nyuma ya nyumba ya watu. Karatasi ya kutoka hospitalini ilikuwa na majina ya dawa, muhuri na saini. Juu ya mpira kulikuwa na neno moja tu: sondi. Hapakuwa na tarehe wala maelezo. Mtu wa kumwita hakumwita.

Nilipofika kumwona ilikuwa wiki ya kumi na moja. Mfuko ulikuwa umetandikwa sakafuni kando ya kandambili zake, umejaa, na mkojo una rangi ya chai ya rangi iliyolala. Mke wa mpwa aliniambia kwamba mjomba alikuwa na homa siku tatu, anatetemeka, na tangu asubuhi anaita watu waliokufa zamani. Walikuwa wamempa dawa ya malaria. Nilimuuliza mzee mpira utatolewa lini. Siku hiyo hakuweza kunijibu, lakini baadaye, alipopata nafuu hospitalini, alinijibu: "Mama, mimi nilidhani ukishawekewa huu, ndio basi, utakufa nao."

Alilazwa kwa uambukizo ulioingia kwenye damu. Mpira ulipotolewa ulikuwa umejaa chumvichumvi ngumu kama kutu ya birika. Akawekewa mpya, akapewa dawa ya sindano, na baada ya siku kadhaa daktari akaamua kujaribu: akampa vidonge vya kulegeza misuli ya mlango wa kibofu, kisha mpira ukatolewa ili waone kama ataweza kukojoa mwenyewe. Akakojoa. Anaendelea na vidonge vyake na hana mpira. Jaribio lile lingeweza kufanyika wiki ya kwanza, kwani wanaume wengi waliozibwa na tezi dume hujaribiwa hivyo baada ya siku mbili tatu, na si wachache wanaofaulu. Wanaoshindwa wanarudishiwa mpira, wanangoja upasuaji, na hapo angalau mpira una sababu.

Sasa tueleze vijidudu vinaingiaje, maana nimegundua kwamba anayejua njia yake hujilinda mwenyewe bila kukaripiwa.

Kibofu cha mtu mzima hujisafisha. Kila anapokojoa, mkojo husukuma nje vijidudu vilivyotaka kupanda. Mpira unapowekwa, mlango ule hubaki wazi usiku na mchana. Vijidudu vina njia mbili: vinapanda kwa nje, kati ya mpira na ngozi, au vinapanda kwa ndani, kuanzia kwenye koki ya mfuko au pale mpira unapoungana na mrija wa mfuko. Vikifika, vinajijengea utando wa ute kwenye ukuta wa mpira, na dawa mtu anazomeza hazipenyi vizuri kwenye utando huo. Uchunguzi wa miaka mingi katika nchi mbalimbali unaonyesha kwamba kila siku inayopita mpira ukiwa ndani, kati ya wagonjwa 100 watatu hadi saba zaidi huwa wamepata vijidudu kwenye mkojo. Hesabu ni rahisi: mpira wa siku mbili ni hatari ndogo, na mpira wa mwezi mzima karibu kila mtu anakuwa na vijidudu. Ndiyo sababu nasema siku ndizo adui mkubwa.

Mpira tunaoutumia, wenye puto dogo linalojazwa maji ndani ya kibofu ili usitoke, umebeba jina la daktari Mmarekani, Frederic Foley, aliyeutengeneza miaka ya 1930. Kwa muda mrefu baada yake mkojo uliingia kwenye chupa wazi iliyowekwa chini ya kitanda, na karibu wagonjwa wote walikuwa na vijidudu kabla wiki haijaisha. Katika miaka ya 1960 madaktari walionyesha kwamba mfuko uliofungwa, usiofunguliwa kwenye maungio, unachelewesha sana uambukizo. Naisimulia historia hii kwa sababu Ngagara nimekuta mfuko umetoboka, hakuna faranga za kununua mwingine, na ncha ya mpira imetumbukizwa kwenye chupa ya maji ya kunywa iliyofungwa kwa kamba kiunoni. Mahali pengine nimekuta glavu ya hospitali imefungwa kwa uzi wa kushonea. Siwalaumu. Lakini wajue kwamba mgonjwa wao amerudishwa kwenye zile chupa wazi za zamani.

Tuje kwenye kazi ya kila siku.

Mikono kwanza: kabla ya kugusa mfuko na baada ya kuugusa, kwa sabuni na maji yanayomiminika. Bomba la REGIDESO likikauka, kama tunavyolijua, maji ya bidoni yanafaa, ila mtu mwingine amimine kwa kikombe. Usitumbukize mikono ndani ya beseni ambalo kila mmoja amenawia. Mfuko ukae chini kuliko kibofu wakati wote, mgonjwa akiwa amelala, amekaa au anatembea, ili mkojo usirudi ndani. Lakini usiguse sakafu. Funga kamba kwenye ubao wa kitanda, au kama analala kwenye mkeka uulaze ndani ya beseni safi lenye ukingo mfupi, maadamu ubaki chini ya usawa wa tumbo lake. Mpira wenyewe ushikizwe kwa plasta kwenye paja, na kwa mwanamume waweza kushikizwa tumboni chini, ukiachiwa nafasi kidogo usivute. Mpira unaovutwa unachuna njia ya mkojo, na kidonda ni mlango mwingine.

Mwaga mkojo kabla mfuko haujajaa, ukifika nusu au zaidi kidogo. Tumia kopo ambalo ni la mgonjwa huyo peke yake. Koki isiguse kopo. Ukimaliza, ifunge na uifute. Hapa ndipo nilipomkuta yule mke wa mpwa akikosea bila kujua: alikuwa anamwaga kwenye beseni lile lile alilofulia nepi, kisha anakwenda kuchambua mboga. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Alipoambiwa mara moja alibadilika, na beseni la mjomba akalitia alama kwa rangi ya kucha, jambo ambalo mimi nisingelifikiria.

Sehemu inayoingia mpira ioshwe kila siku kwa maji na sabuni ya kawaida, na kila baada ya haja kubwa. Hapana haja ya dawa kali, spiriti wala poda, zinachubua ngozi. Mwanamke aoshwe kutoka mbele kwenda nyuma. Mwanamume ambaye hakutahiriwa, govi lirudishwe nyuma, paoshwe, kisha lirudishwe mbele mahali pake; likiachwa nyuma litavimba na kubana, na hiyo ni dharura. Kisha oshea mpira wenyewe, kuanzia mwilini kwenda nje, siyo kinyume.

Mgonjwa anywe maji ya kutosha, lita mbili hivi kwa siku kwa mtu mzima, isipokuwa kama daktari amemkataza kwa ajili ya moyo au figo. Wengi wanapunguza kunywa ili mfuko usijae haraka, hasa wale wanaouguzwa na mabinti zao na wanaona aibu. Matokeo yake mkojo unakuwa mzito, mpira unaziba. Choo kigumu nacho kinabana mpira, kwa hiyo mboga za majani na matunda ni sehemu ya tiba.

Aibu hiyo inastahili aya yake. Wapo wanaouchomoa mfuko kila Jumapili waende misani bila kuonekana, wakiziba mpira kwa kifuniko cha kalamu au kwa kuukunja na kuufunga uzi. Wapo Waislamu wa Buyenzi na Ngagara wanaofanya hivyo kila wakati wa swala, mara tano kwa siku, kwa kuhofia twahara. Kila kuchomoa ni kufungulia vijidudu mlango. Kuna mifuko midogo ya kufungwa pajani ambayo haionekani chini ya suruali, kanga au kanzu, na muuguzi akubadilishie yeye kwa mikono safi. Na kuhusu swala, muulize imamu wako kabla ya kuuchomoa: mwenye udhuru wa mkojo usiozuilika ana hukumu yake katika dini, na masheikh wanaijua vizuri kuliko mimi.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni la dawa. "Mama, tumpe kapsuli ili asipate uambukizo?" Hapana. Mkojo wa mwenye mpira wa muda mrefu ukipimwa utaonekana una vijidudu karibu kila mara, na kama hana homa wala maumivu, hiyo siyo sababu ya kumpa dawa. Ukimpa amoksisilini leo na siprofloksasini wiki ijayo, kama zinavyouzwa moja moja katika maduka ya dawa, unaua vijidudu dhaifu na kuviachia nafasi vile sugu. Siku atakapougua kweli dawa hizo hazitafanya kazi, na zile zitakazofanya kazi ni za sindano na bei yake unaijua. Mkojo wenye harufu, au uliochafuka kidogo bila dalili nyingine, dawa yake ya kwanza ni maji ya kunywa na kuangalia kama mrija umekunjwa. Hata ukiona mfuko umegeuka rangi ya zambarau, kama inavyotokea mara chache, hasa kwa akina mama wazee wenye choo kigumu, siyo uchawi. Ni vijidudu fulani vinavyotengeneza rangi hiyo. Mlete kituoni aangaliwe bila kupitia kwa mganga.

Kinachotaka haraka ni hivi: homa au kutetemeka; maumivu ya tumbo chini au kiunoni upande wa figo; mzee aliyekuwa na akili zake kuanza kuweweseka; damu nyingi au mabonge ya damu; mpira kutotoa kitu kwa saa kadhaa huku tumbo linajaa; mkojo kupita pembeni ya mpira; au mpira kutoka wenyewe. Usijaribu kuurudisha. Wala usiuvute kwa nguvu, kwa sababu puto ndani bado limejaa, na usiukate kwa mkasi. Puto hutolewa maji kwa bomba la sindano na mtu aliyefundishwa. Na nitarudia jambo la homa: huku kwetu homa ni malaria mpaka ithibitike vingine, na kweli mgonjwa apimwe malaria. Lakini ukifika kituoni taja mpira kabla hujataja malaria. Mgonjwa aliyejifunika blanketi mpira wake hauonekani, na mhudumu mwenye foleni ya watu hamsini hatamfunua. Ikithibitika kwamba uambukizo umetokana na mpira uliokaa zaidi ya wiki mbili, mpira nao unabadilishwa wakati wa kuanza dawa, kwa sababu ya ule utando niliousema.

Sitaki nieleweke kwamba kila mpira ni mbaya. Kuna mpira ambao kuutoa mapema ni kosa. Mama aliyepata uchungu wa muda mrefu sana, mtoto akabana, anaweza kuachiwa mpira kwa wiki kadhaa ili kibofu kilichojeruhiwa kipumzike, na tundu dogo la fistula likiwahiwa hivyo huweza kufunga lenyewe. Aliyekwisha kupasuliwa fistula naye hukaa na mpira, na kwake kuziba kwa mpira hata kwa saa chache kunaweza kuharibu kazi yote ya daktari. Hapa Burundi wengi wanakumbuka kituo cha Urumuri kilichofunguliwa na Madaktari wasio na Mipaka huko Gitega mwaka 2010, ambapo akina mama walikaa pamoja mpaka mipira itolewe, hawakurudishwa vijijini nayo. Lakini hata kwenye fistula siku zilihesabiwa. Zamani kungoja wiki mbili na zaidi lilikuwa jambo la kawaida. Utafiti uliofanyika katika hospitali za nchi nane za Afrika, zikiwemo Kongo, Kenya na Uganda, na kutangazwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba kwa fistula nyepesi siku 7 hazikuwa na matokeo mabaya kuliko siku 14, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likapendekeza siku 7 hadi 10. Kama kwa upasuaji mgumu namna hiyo watu waliketi wakahesabu siku, kwa nini mzee wa tezi dume asihesabiwe?

Wengine ni waliojeruhiwa uti wa mgongo kwa risasi, mabomu au ajali, nao tunao wengi kutokana na vita vya pande zote mbili za Ruzizi. Hao mara nyingi huachiwa mpira wa kudumu kwa kuwa hakuna aliyewafundisha njia nyingine. Njia ipo. Mwaka 1972 daktari Jack Lapides wa Michigan, Marekani, alionyesha kwamba mgonjwa anaweza kujipitishia mpira mwembamba mwenyewe mara kadhaa kwa siku, akatoa mkojo na kuuondoa, na kwamba usafi wa kawaida wa mikono na sabuni unatosha. Wenzake wakati huo walishangaa, maana wote waliamini lazima uwe usafi wa chumba cha upasuaji. Njia hii inapunguza uambukizo mkali na kulinda figo kuliko mpira wa kukaa. Kijana mwenye mikono mizima anaweza kuijifunza kwa siku chache. Anayebaki na mpira wa kudumu, hasa aliyeumia juu kwenye mgongo au shingoni, familia ijue jambo moja: akipatwa ghafla na maumivu makali ya kichwa, jasho na uso kuiva, mkalisheni wima mara moja, angalieni kama mrija umekunjwa au mfuko umejaa, kisha mkimbizeni hospitalini. Kibofu kilichojaa kinaweza kumpandisha shinikizo la damu mpaka kumuua.

Wenzangu wa hospitali watasema, na wamekwisha kuniambia, kwamba mimi naongea nikiwa nje ya wodi. Wagonjwa ni wengi, muuguzi mmoja usiku ana vitanda vya watu wawili wawili, na kuandika tarehe ni kazi juu ya kazi. Nakubali kuhusu uchovu. Kuhusu kuandika sikubali. Tarehe mbili, ya kuwekwa na ya kutolewa, zinaandikwa kwa kalamu ile ile iliyoandika dawa, na muda wake ni mfupi kuliko wa kugonga muhuri. Mpira wa kawaida wa raba hubadilishwa kila baada ya wiki nne hivi, ule wa silikoni unaweza kufika wiki kumi na mbili. Aliyeuweka ndiye anayejua ni upi, mgonjwa hajui.

Kuna jambo jingine zito zaidi, nalo ni faranga. Tangu Mei 2006 serikali ya Burundi ilifanya matibabu ya watoto chini ya miaka mitano na uzazi kuwa bila malipo. Mama aliyezaa kwa kisu, mpira wake kwa kawaida hutolewa siku inayofuata. Mzee wa tezi dume hayumo katika kundi hilo. Kila ziara ya kuangaliwa mpira ni tiketi ya basi na malipo ya kituo, na familia inafanya hesabu yake: kama mpira bado unatoa mkojo, wa nini kwenda? Mwaka huo huo 2006 Human Rights Watch na shirika la Burundi APRODH walichapisha ripoti juu ya wagonjwa maskini waliozuiliwa katika hospitali za nchi hii kwa kushindwa kulipa. Waliosikia habari hizo hawajazisahau. Nimekutana na familia iliyoogopa kumrudisha mgonjwa kutolewa mpira kwa hofu ya deni lililobaki, na deni lenyewe lilikuwa dogo kuliko lile walilolipa baadaye alipolazwa.

Kwa hiyo ninayoyaomba shirika letu liyafikirie ni haya. Kila mkimbizi anayetoka hospitalini na mpira aingizwe kwenye daftari la wahamasishaji wa afya, na kituo cha afya kilicho karibu naye, mjini au kambini, kimtoe mpira au kimbadilishie siku yake ikifika bila kumrudisha kwenye foleni ya hospitali kubwa. Mifuko ya akiba iwepo. Na sabuni iongezwe. Kipimo kinachofuatwa na mashirika ni gramu 250 za sabuni ya kuogea na gramu 200 za kufulia kwa kila mtu kwa mwezi. Nyumba yenye mgonjwa wa mpira inanawa mikono mara kumi zaidi, inafua mashuka kila siku mfuko ukivuja, na kipande chake kinaisha kabla ya katikati ya mwezi. Vipande viwili zaidi kwa nyumba kama hiyo ni gharama ndogo sana ukilinganisha na wiki moja ya dawa za sindano.

Wakati tukingoja majibu ya hayo, wewe uliye na mgonjwa nyumbani usingoje. Chukua karatasi aliyotoka nayo hospitalini uisome. Kama haina tarehe ya mpira, ipeleke kesho asubuhi kituo cha afya na uulize mambo matatu: uliwekwa lini, kwa sababu gani, na utatoka lini. Wakikuambia hawajui, waombe wapige simu kule ulikowekwa. Jibu likipatikana, liandikwe kwenye karatasi na kwenye mfuko wenyewe kwa wino usiofutika. Yule mke wa mpwa wa Ngagara siku hizi hufanya hivyo kwa wagonjwa wa majirani, na amenituma niulize kama shirika linaweza kumpatia kalamu hiyo, kwa kuwa rangi ya kucha imemwishia.